Chura wa Clintonville

Nesi akitazama kipimo cha presha mara moja, umesalimika. Akitazama mara mbili, jiandae kuagana na chumvi. Wa kwangu alitazama mara tatu, kisha akavuta kiti.

"Nyumbani kwako kuna utulivu?" akauliza.

Nikamtazama tu. Nyumba ina vijana watatu, bafu moja, na mashine ya kufulia inayocheka kama fisi kila ikifika kwenye kukamua. Nilipokuwa Tanga utulivu ulikuja umeme ukikatika. Hapa Clintonville, kaskazini mwa jiji la Columbus, Ohio, umeme haukatiki ovyo. Ndiyo hasara ya nchi zilizoendelea: mtu hupati hata saa moja ya kupumzika.

Akaniambia nikae dakika tano, nipumue taratibu, niitazame picha iliyotundikwa ukutani, halafu atanipima upya. Akatoka, akaniacha na picha.

Ilikuwa picha ya ufukwe. Mchanga mweupe, bahari ya buluu, na njia ya mbao inayoteremka hadi majini. Basi. Hakuna mtu. Hakuna ngalawa, hakuna mbwa, hakuna hata kandambili moja iliyosahauliwa. Sasa mimi mtoto wa pwani. Ufukwe usio na mtu jua likiwa kichwani naijua maana yake: ama kuna msiba, ama ameonekana papa, ama polisi wamepita. Nikaanza kujiuliza. Wavuvi wako wapi? Mama wa kukaanga samaki kakimbilia wapi, tena na karai lake? Watoto wanaotoroka madrasa kuja kuogelea wamekutwa na nini? Na huyu fundi aliyejenga njia ya mbao, alilipwa au naye alitoweka?

Nesi akarudi, akapima. Presha ilikuwa imepanda.

Nilipofika nyumbani nikafanya kosa la kusimulia. Binti yangu anasoma chuo kikuu, na mtoto anayesoma chuo kikuu ukimwambia unaumwa kichwa anakuletea maandishi badala ya panadoli. Akafungua kompyuta. Akaniambia kwamba mwaka 1984 mtafiti aitwaye Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa mfuko wa nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao madirisha yao yalitazama miti, nusu yalitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali baada ya wastani wa siku 7.96, wale wa matofali siku 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi.

Nikageuka kutazama dirisha letu. Clintonville ni mtaa wa miti mirefu kuliko minazi. Kuna mabonde ya Walhalla na Glen Echo, ukishuka humo wakati wa majani unadhani umefika Amani, kule Usambara. Kuna bustani ya waridi ya Whetstone ambako watu hufungia ndoa. Lakini dirisha la sebuleni kwangu linatazama gereji ya jirani, nayo ni ya matofali. Nimekuwa mgonjwa wa ukuta wa matofali kwa miaka tisa, tena bila kupasuliwa.

"Siyo miti tu, Baba," binti akaendelea. "Hata sanaa. Florence Nightingale aliandika tangu 1859 kwamba vitu vizuri na rangi humsaidia mgonjwa kupona. Na Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2019, limepitia tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu sanaa na afya."

"Tafiti 3,000," nikamwambia, "na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumuuliza bibi yako."

Hakunisikia. Alikuwa anapima ukuta kwa macho.

Jamani, mimi sina ugomvi na sanaa. Ugomvi wangu ni na mkataba wa nyumba. Una kurasa kumi na nane. Ukurasa mmoja unazungumzia kodi, kumi na saba zilizobaki zinazungumzia misumari. Ukuta wenyewe umepakwa kijivu, na mbingu ya Columbus kuanzia Novemba hadi Machi nayo ni kijivu, kwa hiyo mtu ukiamka huna hakika kama umetoka nje au bado uko ndani. Mwenye nyumba anaita rangi ile "tulivu". Kwetu rangi ile huitwa majivu.

Sanaa ya kwanza kuletwa ilikuwa ubao. Binti aliununua dukani, umeandikwa kwa mwandiko wa mapambo vitenzi vitatu vya Kiingereza, vyote vya amri: ishi, cheka, penda. Hakuna hata tafadhali. Fikiria, ndugu msomaji: saa kumi na mbili asubuhi ya Januari, theluji imefika magotini, gari limegoma, na ukuta unaoulipia kodi unakuamuru ucheke. Nilikuwa mwanafunzi wa bweni, nimewahi kuamriwa mengi, lakini kiranja alikuwa na sura, ungeweza kumnunia. Ubao haununiwi.

Ya pili ilikuwa tingatinga. Mama watoto alikuwa ameileta kutoka Dar es Salaam ikiwa imekunjwa kwenye bomba: chui mwenye madoa kama vikombe, macho mawili ya njano, na ndege wawili ambao kwa maoni yangu hawajui hatari waliyomo. Wageni wa hapa wakiiona husema, "Inaleta furaha!" Mimi huwa nanyamaza, kwa sababu nimekulia Tanga na sikuwahi kuona tingatinga kwenye sebule ya mtu tunayemjua. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchora kwenye mbao za dari kwa rangi ya kupaka baiskeli, na walionunua, huko Oysterbay, Dar es Salaam, walikuwa wazungu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa kabla hajaona jina lake likiwa jina la mtindo mzima. Sisi tulipita na baiskeli zetu. Imenibidi nivuke bahari niwe mgeni, ndipo nami nimiliki tingatinga.

Kwa kuwa misumari ni marufuku, chui alitundikwa kwa vibandiko vya gundi. Kwenye pakiti imeandikwa vinabeba kilo mbili na nusu. Haikuandikwa vinabeba mpaka saa ngapi. Saa tisa usiku chui akaanguka na fremu yake, mimi nikaruka kitandani na kiatu mkononi, kijana wetu wa kati akajifungia bafuni, na mama watoto akauliza kama nimefunga mlango wa nyuma. Nilijipima presha asubuhi yake kwa kipimo cha dukani. Sitaitaja namba, watoto wanasoma safu hii.

Usiku ule, nilipokuwa nimekaa gizani na chui mapajani, nikaikumbuka sebule ya mama yangu. Ukuta ule ulikuwa na vitu vitatu. Picha ya Mwalimu Nyerere, kama kwa kila mtu. Saa ya ukutani iliyosimama saa nne na robo. Na kalenda ya mwaka 1986 ya duka la vipuri, yenye picha ya mlima uliofunikwa theluji. Kalenda ile haikuondolewa hata siku moja. Nilisoma, nikamaliza, nikaoa, nikapata viza, na ukutani kwa mama bado ilikuwa Desemba 1986. Nilidhani ni uvivu. Kumbe mgeni akikaa tu, mama alikuwa akianza: "Ile aliileta marehemu kaka yangu, Mungu amrehemu, siku aliyotoka Mombasa." Na saa je? "Ya baba yao hiyo." Hakuna aliyewahi kuuliza saa ngapi. Hakuna aliyewahi kusema mlima ule unaleta utulivu.

Mwezi wa saba mama mwenyewe akaja kututembelea. Bi mkubwa ana miaka sabini na tano, mwalimu mstaafu, na ameridhika na Marekani kwa mambo mawili tu: lifti na maji ya moto. Akapita mtaani kwetu akatazama nyumba za zamani zenye baraza mbele, viti viwili viwili, maua na sanamu za bata.

"Baraza nzuri," akasema. "Wenyewe wamekufa?"

"Hapana Mama. Wako ndani."

"Ndani wanafanya nini na baraza iko nje?"

Sikuwa na jibu. Binti, ambaye bado alikuwa na mradi wake wa sanaa na afya, akasema tumpeleke bibi akaone sanaa ya hadharani. Akachagua mji wa jirani wa Dublin, kaskazini magharibi kidogo. Pale msanii Malcolm Cochran alisimika mwaka 1994 shamba la mahindi ya zege. Msomaji wangu, sitii chumvi, kwanza nimekatazwa. Ni magunzi 109 ya saruji nyeupe, kila moja refu kama mtu mzima, yamesimama wima kwa mistari kwenye nyasi zilizofyekwa vizuri. Wenyeji waliyakejeli mwanzoni, sasa wanayapenda na kuwapeleka wageni.

Mama akashuka garini, akashika kiuno.

"Yanaiva lini?"

"Hayaivi Mama. Ni sanamu."

"Nani kapanda?"

Binti akamweleza kwamba zamani palikuwa shamba la mkulima Sam Frantz, mtu aliyejulikana kwa kuzalisha mbegu chotara za mahindi, na mji ulipolimeza shamba ndipo yakawekwa haya kuwa kumbukumbu. Mama akatembea kati ya mistari polepole, akigusa moja moja kwa kiganja, kama anavyokagua mahindi ya kuchoma kwa muuzaji asiyemwamini. Mwisho akasema, "Kwa hiyo wamelizika shamba, na haya ndiyo makaburi yake."

Mzungu mmoja aliyekuwa akipiga picha akaniuliza bibi amesema nini. Nikamwambia amesema pazuri. Lakini mama hakuwa amelaumu. Alisimama pale muda mrefu, mkono juu ya gunzi la zege, akaanza kutusimulia shamba la babu yake la Muheza: nani alipalilia, nani aliiba, nani alipigwa kwa kuiba. Hadithi zile sikuwahi kuzisikia, na nimeishi na mama yangu miaka ishirini na minne. Imehitajika saruji ya Ohio kuzitoa.

Akataka apigwe picha na gunzi. Leo ile picha iko Tanga, ukutani, kushoto kwa kalenda ya 1986. Nasikia kila shangazi akipita anaambiwa, "Hii ni siku mwanangu aliyonipeleka kwenye mahindi." Nimeingia ukutani nikiwa hai.

Sasa nije kwa kinyozi. Kinyozi wangu ni mtu wa Lubumbashi, na duka lake lina picha moja kubwa ya Mamba Muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, nyoka pembeni, naye anakutazama usoni huku wembe uko kooni kwako. Nikamlalamikia. Nikamwambia sanaa inatakiwa imtulize mteja, wataalamu wamethibitisha, tafiti 3,000.

Akasimamisha mashine. "Papa, ile haiko picha tu. Iko ukumbusho."

Akaniambia kwao, wakati wa ujana wa baba yake, kila mfanyakazi wa migodi aliyepata sebule alitafuta mchoraji amwekee Mamba Muntu, au picha ya enzi za Mbelgiji, mtu anachapwa viboko mbele ya bendera. Nilidhani anapamba hadithi. Nilipokwenda kusoma nikakuta wasomi wawili, Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliokuwa huko huko kwao, mkoa wa Shaba, miaka ya 1970, wameandika hayo hayo, na neno lenyewe hawakulibuni: wenye picha ndio waliosema, kwa Kiswahili chao, ukumbusho. Mtu anatoka shimoni amechoka, anakula ugali chini ya picha ya kiboko. Ukimuuliza nesi wangu atasema hiyo si tiba. Lakini yule mtu alikuwa na wageni kila jioni, na wageni walikuwa na la kuzungumza.

Kinyozi akanipa na la pili. Akasema hapa hapa Columbus, Long Street, aliwahi kuwepo kinyozi mwenzake, Mmarekani mweusi, Elijah Pierce, aliyezaliwa Mississippi 1892 na kufa 1984. Alikuwa akinyoa, na kati ya mteja na mteja anachonga mbao: visa vya Biblia, wanamasumbwi, wanyama, maisha yake mwenyewe. Kila kipande kwake kilikuwa mahubiri. Duka likajaa, watu wakawa wanakuja hata wasio na nywele. Leo kazi zake zinakaa Columbus Museum of Art, kwenye ukuta mweupe, na mlinzi anakukataza kuzigusa. "Zamani ulikuwa unazitazama bure na kichwa kinatoka safi," kinyozi akasema, akawasha mashine.

Nikarudi nyumbani na upara wangu na mawazo, nikakuta tayari nimeshahukumiwa.

Kumbe mama kwenye sanduku lake alikuja na doti ya kanga, zawadi ya mkwewe. Kanga, kwa kijana aliyekulia huku asiyejua, ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na chini yake ina jina, yaani maneno. Wengi wanasema maneno yalianza kwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye duka lake ni la tangu 1887. Sina hakika wanaume wa wakati huo walipiga kura. Kabla ya hapo mke akikukasirikia alilazimika kufungua mdomo, nawe ukapata nafasi ya kujibu. Baada ya hapo alijifunga tu kiunoni, akageuka, akaenda jikoni.

Kipande kimoja mama watoto anakivaa. Cha pili amekitundika kwenye bomba la pazia, ambako mkataba haukugusa, mbele ya ule ukuta wa gereji, sawasawa na kiti changu. Nyekundu na nyeusi, na chini, kwa herufi kubwa: KELELE ZA CHURA HAZIMZUII NG'OMBE KUNYWA MAJI.

Nikasoma. Nikatazama huku na huku. Katika nyumba yetu mtu anayelalamika ni mmoja.

Jirani wa upande wa pili alikuja kunywa chai, akaisifu mno. "Imeandikwa nini?" Mama watoto akamjibu bila kupepesa, "Imeandikwa karibu nyumbani." Binti akakimbilia jikoni kucheka. Nikampigia mama, alikuwa ameshafika Tanga.

"Mama, ile kanga ulimnunulia nani?"

"Mwanangu, mimi nilipenda rangi. Jina sikulisoma."

Mama yangu ni mwalimu. Husoma mpaka karatasi iliyofungiwa maandazi.

Nilirudi kwa nesi mwezi wa kumi na moja. Akatazama kipimo mara moja tu. Akasema imeshuka, akauliza nimebadilisha nini. Nikamwambia ukweli: nimeacha chumvi, natembea kila siku mpaka bustani ya waridi hata waridi likiwa limekatwa limebaki miiba, na dirishani kwangu kuna kitambaa kinachonitukana. Akaandika chumvi na kutembea. Kitambaa hakukiandika. Pembeni yake bado ule ufukwe wake ulikuwa mtupu. Nikauonea huruma, nikajaribu kuweka humo mama wa samaki na karai lake, kisha wavuvi wawili wanaogombana bei, kisha mtoto aliyetoroka madrasa. Nikapumua vizuri kidogo.

Wiki iliyopita nilitoka kazini jioni, giza limeshaingia, nikakaa kwenye kiti changu na kikombe cha chai. Nikaanza kulalamikia barafu iliyoko barabarani. Nikasimama katikati ya sentensi. Kuna kitu hakikuwa sawa. Dirishani palikuwa na matofali ya gereji, yamekodoa macho. Nikahamisha kiti, nikakirudisha. Chai ikapoa. Nikajaribu tena habari ya barafu, haikunoga, ilikuwa kama kuhutubia uwanja usio na watu.

"Mama watoto," nikaita, "ile kanga iko wapi?"

Kimya jikoni. Kisha nikasikia mashine ya kufulia ikicheka kama fisi, na sauti ya mama watoto juu ya sauti ya mashine:

"Haya, njooni msikie. Chura anamuulizia ng'ombe."